Sweta za Kijiko

4 Machi

Mwanangu,

Kwa niaba ya nyumba hii, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na mimi mwenyewe, natangaza kwamba kuanzia leo shingo ya duara imeondolewa katika sweta zote zitakazofumwa humu ndani, na mahali pake imewekwa shingo ya V. Mpimaji hakupinga, kwa sababu alikuwa amelala. Uamuzi ni wa mwisho na hauna rufaa.

Baada ya tangazo hilo, hamjambo? Mama watoto anaendeleaje na kile kikohozi? Yule wenu wa mwisho ameacha kula chaki? Sisi tupo. Goti la Mpimaji limeanza tena kutabiri mvua, na linakosea. Mwanamume huyu tangu astaafu kupima viwanja vya watu anapima vya kwangu. Juzi nimemkuta ameinama na kamba yake anatafuta kama jiko limenyooka. Halijanyooka. Nikamwambia nimepika humo tangu anioe, na hakuna sufuria iliyowahi kuteleza. Akaandika namba ukutani kwa penseli.

Tumepata jirani mpya, mama mmoja mjane, mshona viatu, mdomo wake hauna mlango. Alikuja kuomba kiberiti akakuta sanduku la sweta liko wazi.

"Dada, kumbe unauza sweta!"

Siuzi.

"Za mzee?"

Tazama mabega hayo, nikamwambia, mzee ataingia na nduguye.

"Sasa za nani?"

Nikamweleza. Ni za mwanangu Kijiko, aliyegombana na baba yake kwa kukataa kushika kamba ya kupimia viwanja, akatoka na mfuko mmoja akiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajadiliana kama ziote au zisiote. Tangu siku hiyo hatujapata salamu wala tetesi. Na kila mwaka kabla ya baridi humfumia sweta moja ya umri aliofikia, ili akirudi asikute nguo za mtoto. Mshona viatu akanyamaza, jambo ambalo nimeambiwa halijawahi kutokea mtaani. Kisha akauliza: "Na vipimo unavitoa wapi?"

Ndiyo sababu nakuandikia. Kama kila mwaka: kifua, tumbo, bega kwa bega, urefu wa mkono. Wewe na binamu yako mlikuwa mnavaliana mashati mpaka sijui lipi la nani. Ulipopanuka mabega, na yeye nikampanua. Mwaka ule ulipoota kitambi nikampa kitambi, ingawa moyo uliniuma. Sasa mmeingia umri ambao shingo ya duara inamfanya mtu aonekane mwanafunzi aliyerudia darasa hadi mwalimu akazeeka. Ndiyo maana ya V.

Kuna jambo jingine, dogo. Mpimaji anasema imetosha. Anataka mwezi wa saba ndugu wakusanyike, Kijiko aliliwe kama anavyoliliwa mtu aliyekufa, na nguo zake zigawiwe. Anasema kwa kuwa mlikuwa kama mapacha, neno lako ndilo litakaloamua. Mimi hapo sina la kuongeza.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema "sawa Shangazi, sawa Shangazi," halafu mtandao unakata pale ninapofika kwenye shida. Karatasi haina mtandao.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tangazo limepokelewa na kusomwa mbele ya familia yote, watu wakiwa wamesimama, isipokuwa wa mwisho ambaye alikuwa chini ya meza. Chaki ameacha. Sasa anakula kona za madaftari, na mwalimu ameandika kwamba anaonyesha kupenda masomo. Mama watoto kikohozi kimepona. Amebakiza kidogo cha kunionya mbele ya wageni.

Kazi ni ileile, nazunguka madukani na mkoba wangu wa mawe ya mizani, natengeneza na kukagua. Nikiingia tu na mkoba huu, kila mwenye duka anakuwa mtu wa ibada. Wakati mwingine nawaza kwamba ukoo huu tuligawiwa kazi moja tukashindwa kuiacha: Mzee ardhi, wewe watu, mimi maharage.

Vipimo hivi hapa. Kifua inchi thelathini na nane. Tumbo thelathini na nne. Bega kwa bega kumi na saba. Mkono kama mwaka jana.

Ile sweta uliyonipa mwaka juzi nimvalie ili nondo wasiizoee, bado ninayo. Naivaa asubuhi nikitoka. Mama watoto ameniomba nisiitundike tena mlangoni. Anasema ikiwa pale inasimama kama mtu anayengoja kukaribishwa. Watoto walikuwa wameshaanza kuiamkia. Nimeihamishia nyuma ya kabati.

Kuhusu mwezi wa saba, mimi kwenu ni mtoto. Mtakavyoona wakubwa.

Wako


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimeanza siku ambayo goti halikusema kitu. Mshona viatu ameniomba nimfundishe kufuma, na sasa anafuma skafu inayopanuka yenyewe. Ilianza kama utepe. Leo asubuhi ilikuwa taulo. Nimemwambia aongeze mikono, awe na gauni.

Sasa nijibu, na usizunguke. Kifua thelathini na nane? Mwaka jana kilikuwa arobaini na mbili. Vipimo vyako navikumbuka kuliko namba ya nyumba yangu. Mtu hapungui hivyo kwa kukosa chai siku mbili. Nani anaumwa, wewe au yeye?

Unacheka. Usicheke. Nimeufuma mgongo kwa namba hizo ulizoniletea, na ulipofika kwapani nikautandaza kitandani niutazame, kama ninavyofanya siku zote kabla sijaamua mchoro wa mbele. Nikaona mgongo wa mtu anayeondoka. Sina neno jingine la kuuelezea. Nimefuma migongo mingi, ya wanene na ya wembamba, na yote ilikuwa imetulia. Huu ulikuwa unakwenda.

Na hili usimwambie Mpimaji. Mikono huwa natangulia kuifuma, kisha naishikiza kwa uzi wa muda ili nione inavyoanguka. Jioni naiweka kazi kwenye kiti, mkono mmoja huku, mwingine kule. Asubuhi mara mbili nimeikuta mikono imekunjwa kifuani, mmoja juu ya mwenzake. Unakumbuka ni nani aliyekuwa akikaa hivyo akisikia baridi. Nikamuuliza Mpimaji kama ameigusa kazi yangu. "Mimi nashika kamba," akasema, "uzi ni wako." Mshona viatu anasema ni upepo. Upepo upi? Dirisha lile halijafunguka tangu Mpimaji alipolipaka rangi.

Jipime upya. Na usijipime mwenyewe, mwanamume akijipima anajaza kifua na kumeza tumbo. Mpe mama watoto futi. Nijibu kabla mwezi haujaisha.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi uliisha, na mwingine ukaisha nyuma yake. Sitaisingizia posta, ina makosa yake ya kutosha. Barua yako nimekaa nayo.

Wa kwanza amepita mtihani, wa pili amepita chini ya uzio wa jirani na kuacha suruali. Mama watoto anakusalimu. Amenipima kama ulivyoagiza: thelathini na saba. Alitaka kusema neno, nikamwambia aandike namba tu.

Nina jambo la kukusimulia na sijui nilianzie wapi, kwa hiyo nalianzia dukani.

Kuna mtaa hapa nyuma ya stoo za vyuma, maduka yake ni marefu na membamba, ukiingia unaacha mwanga mlangoni. Niliitwa kwenye duka la nafaka kutengeneza mizani ya kuning'inia. Palikuwa na baridi, nilikuwa nimevaa ile sweta. Nimepiga magoti chini ya kaunta natafuta nati iliyodondoka, nikasikia mtu anatoka chumba cha ndani, akasimama.

"Kijiko?"

Shangazi, katika mji huu hakuna anayelijua jina hilo. Lilizaliwa jikoni kwako kwa sababu alikuwa anakula kila kitu kwa kijiko, hata ndizi. Mimi mwenyewe sijalitamka mbele ya watu miaka na miaka. Nikabaki palepale chini. Ningesema sikutaka kuinuka kwa sababu ya nati, lakini nati nilikuwa nimeshaipata.

Nilipoinuka nikamwona mama mtu mzima ameshika chekeche, ndiye mwenye duka. Alinitazama usoni, akatikisa kichwa, akanitazama kifuani.

"Nisamehe baba, si wewe. Ni hiyo sweta." Akanyoosha kidole kwenye mchoro wako wa mfupa wa samaki, upande wa moyo, pale ambapo mwiba mmoja unalalia upande usio wake. Mwiba ule uliukosea kwenye sweta ya kwanza kabisa uliyomfumia akiwa bado nyumbani, ukakataa kuufumua, na tangu hapo unaukosea kwa makusudi kila mwaka. Mchoro huo uliubuni wewe. Haumo katika kitabu chochote.

"Ninayo nyingine kama hiyo," akasema. "Iko ndani, kwenye msumari."

Nilifunga mkoba nikaondoka. Mizani sikuimaliza.

Wako


9 Juni

Mwanangu,

Salamu zihesabu kama nimeshatoa, sina pumzi.

Uliondoka? Mtu mzima, una watoto, una mkoba uliojaa chuma, unamkimbia mwanamke mwenye chekeche? Rudi. Rudi leo kabla hujamaliza kusoma hapa. Mizani ya watu pia umeiacha imening'inia bure.

Nami nikuambie. Shingo haifungi. Nimefika pale V inapokutana, na kila nikihesabu vitanzi upande mmoja una ziada. Nafumua, nafuma, inarudi vilevile. Uzi umeshaanza kuota manyoya kwa kufumuliwa. Mimi nimefunga shingo za watu umeme ukiwa umekatika na mtoto analia mgongoni, leo shingo moja inanishinda mchana kweupe. Mshona viatu aliniambia labda macho. Macho yangu hayana kitu. Nimemwambia asirudi kuligusa suala la macho yangu.

Mpimaji ameshawatumia ndugu habari, ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Amepata nguvu, anatembea uani kama mtu aliyerudishwa kazini, anahesabu viti. Nilimuuliza: "Una haraka ya nini?" Akasema hana haraka, amechoka kusikiliza mlango. Sikujua kwamba naye anausikiliza.

Kwa hiyo ni wewe uliyebaki. Mwenye duka anajua kitu. Kama utaambiwa Kijiko yuko hai, niandikie kwa herufi kubwa. Kama utaambiwa amekufa, neno hilo usiniandikie. Andika tu kwamba vipimo vimekwisha. Nitaelewa.

Shangazi yako


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi dukani. Kwanza nilimalizia mizani, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Mwenye duka hakuniuliza kwa nini nilikimbia. Alinipa kigoda, akanipa chai, akaniongoza chumba cha ndani.

Iko kwenye msumari, ukutani, juu ya magunia. Ni ndogo. Sikuwa nimejiandaa kwa udogo wake. Nilikwenda nikimtafuta mtu wa umri wangu, mwenye mvi kama zangu, nikakuta kijana amening'inizwa pale. Mwiba upo. Kiwiko kimoja kilitoboka kikafumwa kwa uzi wa rangi nyingine, vitanzi vidogo vya kukaza, kama kwa mkono wako. Na kwa kuwa wewe hukuwepo, basi alikuwa akikutazama ukifuma kuliko alivyojifanya.

Mama huyu anasema alimpangisha chumba hicho. Alikuwa akibeba magunia mchana na jioni anakula kwa kijiko. Hakuwa na maneno. Alikaa misimu miwili ya baridi, kisha siku moja akaondoka na dereva wa lori aliyekuwa akileta mzigo pale. Sweta aliiacha. "Aliniambia nimtunzie," akasema, "anarudi wiki ijayo."

Nikamuuliza, na hujawahi kutundika kitu kingine hapo?

"Nitatundikaje? Kuna asubuhi naikuta imegeukia ukutani. Naigeuza. Nami nimeshazoea."

Sikumsimulia habari za kiti chako.

Sasa vipimo. Vipimo havijakwisha, Shangazi, ila nilivyokuletea ni vyangu. Anayepungua ni mimi. Nina kisukari, nimegunduliwa mwaka jana mwishoni, natumia dawa. Sikukuambia kwa sababu nilijua nikipungua mimi unampunguza yeye. Nilisimama mbele ya kioo na futi mkononi nikaona nikisema thelathini na nane namkondesha, na nikisema arobaini na mbili nitampelekea Kijiko mwili ambao mimi mwenyewe sina. Hebu fikiria ni mtu gani anayepata shida ya namna hiyo akiwa na futi tu.

Dereva yule bado yuko barabarani. Hupita dukani mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane. Mwambie Mzee angoje. Ulisema neno langu ndilo litakaloamua. Neno langu ni hilo. ANGOJE.

Wako


14 Julai

Mwanangu,

Barua yako imefika juzi, ina muhuri wa mji ambao hakuna kati yetu anayeujua. Imetembea kuliko wewe.

Ndugu walikuja Jumamosi ile. Asubuhi Mpimaji aliniuliza, "Mtoto wa kaka yako amesemaje?" Nikasema hajajibu. "Basi amekubali," akasema. Nilitaka kubisha. Nilikuwa nimeangalia sanduku la posta kila siku mpaka karani akaanza kutikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

Wakaja wote. Hata wale wa upande wa Mpimaji ambao huonekana tu penye sufuria. Mpimaji akasimama aseme maneno, akafungua mdomo, akaangalia viti alivyovipanga vimenyooka kama mpaka wa kiwanja, akakaa. Mimi sikulia. Mshona viatu alilia kwa niaba yangu, kwa sauti, mtu ambaye hajawahi kumwona Kijiko hata kwenye picha.

Kisha sanduku likafunguliwa.

Mwanangu, sikufikiri vizuri. Nilidhani watu watachukua nguo, watakunja, wataondoka nazo kwapani. Kumbe kulikuwa na baridi. Wakazivaa palepale. Vijana wakapata zile za mwanzo, wakubwa wakapata za baadaye, na kabla sijajua nini kinaendelea nikamwona Kijiko wa miaka ishirini na tano anapakua chakula. Kijiko wa thelathini amejiegemeza mlangoni anachokoa meno. Huyu hapa ana ndevu, yule pale ameanza kupata tumbo, wote na mfupa wa samaki kifuani na mwiba unaolala vibaya. Miaka yote niliyoikosa ilikuwa uani kwangu kwa wakati mmoja, inaombana chumvi. Mmoja akanipita akaniambia, "Pole, mama." Nikaitika.

Mpimaji hakuwahi kuzigusa sweta hizi toka niliposhika sindano. Siku ile alinyoosha mkono akachukua ile ya kitambi. Ilimkaa sawasawa, bega, tumbo, kila kitu. Mimi niliyemwambia mshona viatu kwamba ataingia na nduguye! Nilikuwa sijamtazama siku nyingi. Tangu Jumamosi ile hajaivua. Analala nayo.

Walikwenda zao jioni, lakini baadhi ni wa mitaa hii, na wanazivaa. Naenda sokoni, nauona mgongo wake unageuka kona. Nakaa dirishani, anapita na baiskeli. Jana ameniuzia mafuta ya taa. Nimefiwa rasmi na mtu ninayekutana naye kila siku.

Ndipo barua yako ikafika. Nimeisoma jikoni, nikaisoma tena, nikaiweka chini ya debe la unga. Mpimaji sijamwambia. Nimsomee nini? Ndiyo kwanza ameanza kulala bila kusikiliza mlango.

Kuhusu kisukari, nimekasirika na nitakasirika vizuri tukionana. Kula kwa wakati, dawa usiruke, na hayo maduka yote unayozunguka usikubali soda kwa kuona haya. Umenifanya nimfume mtu mgonjwa kumbe mgonjwa ni mwingine. Na bado nakuambia ule mgongo ulikuwa unakwenda.

Imebaki sweta moja tu, hii isiyo na shingo. Hakuna aliyeitaka.

Dereva akipita, panda. Usiniulize kama nina hakika, sina. Ukimpata, mwambie alifiwa na yeye mwenyewe mwezi wa saba, aje apokee pole zake, tumezihifadhi. Na umpime. Safari hii umpime yeye.

Shangazi yako


22 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ya Mzee, ila tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kumpa.

Nyumbani ni wazima. Nimerudi juzi. Mama watoto ameniambia nimenenepa barabarani, na amesema kwa furaha, jambo ambalo zamani lilikuwa ugomvi.

YUKO HAI.

Dereva alimjua mara moja nilipotaja kijiko. Ni mzee sasa, anaendesha akiwa amesogelea kioo kama anasoma barabara. Safari ilikuwa ndefu, na njia nzima aliniambia habari za magurudumu. Mwisho tukafika mahali penye majengo ya bati, malori yamepanga foleni, na rundo la chumvi refu kuliko nyumba. Akanielekeza kibanda cha mizani.

Alikuwa ameinama anasoma mshale. Nikasema, "Kijiko." Hakugeuka. Akamaliza kusoma, akaandika kwa kidole hewani kama alivyokuwa akifanya hesabu za shule, kisha akauona mkoba wangu. "Mizani yangu ina nini?" akasema. Alidhani mimi ni mkaguzi.

Anapima chumvi, Shangazi. Alimkimbia Mzee asishike kamba, akaenda kushika mizani. Na mizani yake ilikuwa inadanganya kidogo. Nilimrekebishia kabla hatujasalimiana vizuri, maana hatukujua la kufanya na mikono.

Ana mke, mpole, anamwita kwa jina jingine. Ana mabinti wawili, mdogo amechukua kidevu chako. Nilimuuliza kwa nini hakuandika hata mstari mmoja miaka yote hii. Akaniuliza kama nimekula. Nikala. Nikamuuliza tena, akasema chai inapoa. Mara ya tatu sikumuuliza, alikuwa na uso wa mtu anayebeba gunia.

Nilimwambia ameliliwa. Akataka kujua nani walikuja. Nikawataja, akawa anacheka kila nikimtaja wa upande wa Mzee. Akauliza, "Na yeye?" Nikamwambia alisimama akashindwa kusema, na kwamba anavaa sweta yako ya mwaka ule wa kitambi hata kitandani. Kijiko akatoka nje. Alikaa nje mpaka binti yake akaenda kumwita.

Nilikuwa na ile sweta ndogo mkobani. Mwenye duka alinikabidhi mwenyewe, na msumari ameung'oa. Nikampa. Aliishika, kidole kikaenda kwenye mwiba bila yeye kutazama. Akaigeuza, akaangalia kiwiko alichokifuma, akasema kazi mbaya. Kisha akamvalisha binti mkubwa, ikamfika magotini, wote wakacheka, mtoto akaanza kutoka jasho, wakamvua.

Nimempima. Kifua thelathini na sita, tumbo thelathini na moja, bega kwa bega kumi na sita. Mkono wake ni mfupi kuliko wangu kwa inchi mbili. Hata tungetaka, leo hatuwezi kuvaliana shati. Sijui tangu lini. Huenda tangu mwaka aliotoka.

Amesema atakuja. Hakusema lini, na mimi sikukubali aniambie wiki ijayo. Amekuandikia namba ya simu. Najua hupendi, ila huyu hajui kuandika barua, kama tulivyoona.

Nilimwambia kuna sweta moja bado iko kwenye sindano, imekwama shingoni, inamngoja. Akatazamana na mkewe, akaniomba nikueleze vizuri usije ukadhani hakuthamini. Huko anakoishi ni joto mwaka mzima, Shangazi. Hakuna anayevaa sweta.

Wako